Watoto Wanane wa Kubaki Nyumbani

Karatasi ilifika darasa la kwanza saa nne kasorobo, katikati ya ma-me-mi-mo-mu, imekunjwa mara nne kama barua ya posa. Mwalimu aliikunjua kwa vidole vyenye chaki, akaisoma mara moja, akaikunja tena kwa kufuata mikunjo ileile, akaitia mfukoni. Kisha akawageukia watoto hamsini na sita waliokuwa wakimkodolea macho.

"Tulikuwa wapi?"

"Mo!" wakapiga kelele.

"Basi tuendelee na mo, tafadhali."

Walimu wenzake wangalilisikia hilo "tafadhali" wangalitafuta pa kujificha. Mwanamke huyu akikasirika kidogo alibweka kama mbwa wa jirani, na hakuna aliyejali. Akikasirika sana aliingiwa na adabu. Sauti ilishuka, maneno yakanyooka, na mtu aliyesemeshwa hivyo alianza kuhesabu makosa yake tangu utotoni.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema: "Wanafunzi wafuatao wana mafua na watabaki nyumbani siku ya Ijumaa." Chini yake majina manane, na chini ya majina mstari mtupu wa sahihi ya mwalimu wa darasa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mwalimu mkuu alikuwa ameyatambua mafua ya Ijumaa siku tatu kabla hayajaingia puani mwa mtu, maendeleo ambayo hospitali kubwa bado zinayaota.

Ijumaa ilikuwa Siku ya Mafanikio. Mara moja kwa mwaka ofisi ya elimu humtuma mgeni, wazazi huitwa, viti hutolewa ukumbini, na kila darasa huonyesha linachokijua. Darasa la kwanza huonyesha kusoma. Wale wanane walikuwa wasomaji wa polepole. Mwalimu mkuu alikuwa amewapima mwenyewe wiki iliyotangulia, dakika moja kila mtoto, saa mkononi kama mtu anayechemsha mayai.

Jina la nne lilikuwa la msichana ambaye darasa zima lilimwita Kobe. Lilikuwa jina la matusi mwanzoni, likazoeleka, na sasa hata yeye mwenyewe akiulizwa nani kamaliza maziwa alijibu, "Kobe." Mwalimu alikuwa amemwahidi kitu. Alimwahidi tangu muhula wa kwanza, mbele ya bibi yake, kwamba akimaliza kidirisha kikubwa, Siku ya Mafanikio atasimama asome mbele za watu, na bibi atakaa kiti cha mbele. Kobe alikimaliza kidirisha kikubwa Alhamisi iliyopita. Bibi alikwisha omba ruhusa kwa watu anaowafulia nguo.

Hapa lazima tusimame kidogo kueleza kidirisha, maana ndicho kilichompa mwalimu jina lake. Watoto walimwita Mwalimu Kidirisha, wazazi wakamwita hivyo, na hata mumewe, akiulizwa na mgeni, alimwita hivyo.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amefundisha chumba kilekile. Wenzake walipanda: la tatu, la tano, ofisini. Yeye alibaki na wadogo, kama mtu aliyeachiwa ufunguo na wenye nyumba wasirudi. Wengi waliamini kuwa darasa la kwanza ni kazi ya kupangusa makamasi na kufunga kamba za viatu, na ya kwamba mwalimu mwenye akili hawezi kuing'ang'ania. Yeye hakubishana nao. Alijua kwamba iko siku mtoto hutazama m na a, michoro miwili isiyohusiana, na ghafla kinywa chake kinasema "ma", naye anashtuka kama aliyemkanyaga paka. Siku hiyo haiji mara mbili kwa mtu. Alikuwa ameiona kwenye nyuso zipatazo elfu, na bado ilimfanya asahau njaa.

Katika mwaka wake wa nne alikuwa na msomaji hodari ajabu, binti aliyemaliza ukurasa wa kumi na mbili bila kuvuta pumzi. Wageni walimpigia makofi. Mwalimu, aliyekuwa kijana na mwenye majivuno, alisogea karibu akione kipaji chake kwa macho, akakuta kitabu kimeshikwa juu chini. Alikigeuza. Akafungua ukurasa wa kumi na tatu. Binti akasoma, kwa sauti tamu, ukurasa wa kumi na mbili. Akajaribu mwingine, na mwingine. Darasa zima lilisoma ukurasa wa kumi na mbili popote kitabu kilipofunguliwa, macho juu, kama kwaya. Hawakuwa wanasoma kitabu. Walikuwa wanasoma dari.

Jioni ile alichukua boksi tupu la chaki, akalikata kifuniko, akatoboa katikati yake tundu la mraba linalotosha herufi mbili. Ukikiweka kijikadi hicho juu ya sentensi, mtoto haoni ila silabi moja. Hawezi kukisia, hawezi kuimba, hawezi kutazama picha ya ng'ombe akasema ng'ombe. Hicho ndicho kidirisha kidogo. Kikubwa kina tundu pana zaidi, kwa ajili ya "cha" na "ngu" na "mba" na majitu mengine. Kobe alikaa na kidirisha kidogo miezi mitano. Wenzake walimaliza kwa wiki sita. Lakini Kobe hakuwahi hata siku moja kuinua macho darini.

Baada ya kipindi mwalimu alikwenda ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amekuja miaka miwili iliyopita na mapenzi makubwa ya tarakimu, na walimu walimbatiza Bwana Asilimia kabla hajamaliza kupanga meza.

"Karibu, mama, karibu! Umeshatia sahihi?"

"Bado, mwalimu mkuu. Nimekuja kuuliza kuhusu mafua."

Bwana Asilimia akacheka kicheko cha watu wanaoelewana. "Aa, mama. Wewe ni mtu mzima. Wanane kati ya hamsini na sita. Ukiwaacha, tunapata asilimia themanini na tano nukta saba. Unajua hiyo nukta saba inavyoniuma? Ukiwatoa, asilimia mia. Siku moja tu. Jumatatu wanarudi, wanaendelea na kijiboksi chako. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na mwanaharamu hapa ni nani? Mgeni au mtoto?"

"Mama, hiyo ni methali tu."

"Nimeuliza tu, nisije nikafunika asiyehusika. Hao wanane wanasoma, mwalimu mkuu."

"Wanasoma? Huyo wa nne nilimpa dakika nzima. Dakika nzima! Akanipa maneno mawili."

"Aliyasoma hayo mawili. Katika hao arobaini na wanane wako, waliokupa ukurasa mzima, kumi na tatu walikuwa wanatazama dari."

"Dari tumeipaka rangi mwezi uliopita," akasema Bwana Asilimia kwa fahari ya kweli.

Mwalimu alimtazama. Aliiweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja.

"Nakushukuru kwa muda wako. Sitatia sahihi."

"Mwaka jana ulitia."

"Nilitia."

"Na huko nyuma, kwa mwenzangu aliyenitangulia. Faili ninalo hapa. Miaka mingi, mama, sahihi yako nzuri, wino wa buluu. Leo umeota mabawa?"

Hilo lilikuwa kweli. Ndilo lililomfanya atoke bila kufunga mlango. Mtu akikutukana kwa uongo unaweza kumrudishia. Akikutukana kwa faili utafanya nini?

Saa za kutoka alifika getini. Bawabu wa shule, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, alikuwa kwenye kibanda chake na daftari la wageni. Kazi yake aliifanya kwa heshima zote: kila mgeni aliandika jina, bawabu akalitazama kwa makini, akakunja uso, akasema "Sawa, pita." Mwalimu alikuwa amemjua tangu akiwa na miaka saba. Alijua pia kwamba lile daftari analitazama tu. Miaka miwili alimpita pale kila siku, akijibu salamu haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie kitu. Shule uliacha lini hasa?"

Bawabu akafikiri. "Mimi? Sikuacha, mwalimu. Mliniambia nibaki nyumbani siku moja, wageni wanakuja. Mlisema nina mafua. Basi nikabaki."

"Siku moja."

"Eeh. Ya pili yake nikawaza, kama siku ya wageni hawanitaki, siku isiyo na wageni watanitakia nini? Akili za kitoto hizo." Akacheka, bila kinyongo, na akamfungulia geti. "Mama alinichapa, lakini wapi. Nenda salama, mwalimu. Jua kali leo."

Afadhali angemtukana. Alitembea mpaka nyumbani akiwa na adabu ya kutisha, akiwapisha hata mbuzi.

Mumewe alikuwa fundi saa mstaafu, mtu asiye na haraka, aliyekuwa bado anafungua saa za majirani kwenye meza ya kulia ili vidole visimsahau. Alisikiliza habari yote huku lenzi iko jichoni.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "hasira za mkizi..."

"Furaha ya mvuvi. Najua. Nimeifundisha kabla hujanioa."

"Sawa. Lakini mimi nimetengeneza saa miaka arobaini. Hajawahi kuja mtu na saa inayochelewa akaniambia niifungie kabatini mpaka wageni waondoke."

"Watoto si saa."

"Ndiyo maana nashangaa. Saa zinatendewa vizuri zaidi."

"Usinifanye nicheke, nimekasirika."

"Kasirika. Ila kula kwanza, hasira juu ya tumbo tupu inakuwa kizunguzungu."

Alikula. Haikusaidia. Alilala akipanga majina yote aliyoyatilia sahihi, akafika thelathini na kitu, wengine hakuwakumbuka hata sura, na hilo lilimkasirisha kuliko yote.

Alhamisi, mwalimu wa darasa la pili, msichana mwenye mwaka mmoja kazini, alimfuata chini ya ngazi akijishikashika shingo.

"Dada, usinielewe vibaya. Nimeagizwa."

"Umeagizwa nini, mwanangu?"

"Kesho darasa langu likae kwenye chumba chako. Walio wako wakakae nyuma ya stoo. Mkuu anasema mgeni hawezi kujua, watoto ni watoto. Na nimeambiwa niwafundishe tena ukurasa wa kumi na mbili." Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Dada, wenyewe waliumaliza mwaka jana. Wananiuliza kwa nini."

"Uliwajibu nini?"

"Nimewaambia ni marudio."

"Vyema," akasema Mwalimu Kidirisha. "Marudio ni mazuri. Ahsante kwa kunijulisha."

Yule msichana aliondoka upesi sana.

Ijumaa asubuhi watoto wote hamsini na sita walifika, maana hakuna aliyeambiwa asifike. Mwalimu mkuu alipowaona alimwangalia mwalimu, mwalimu akamwangalia mwalimu mkuu, na wakasalimiana. Kisha darasa la pili likaingia chumba cha la kwanza likikunja magoti ili yaingie chini ya madawati, na la kwanza likapelekwa kwenye majani nyuma ya stoo, kwa maelekezo ya kucheza michezo ya kimya. Aliyewahi kuona watoto wa miaka saba wakicheza michezo ya kimya atuandikie.

Mwalimu hakucheza. Mlango wa stoo ulikuwa wa chuma, umepakwa rangi nyeusi, unashika chaki vizuri. Akaandika, wakakaa chini, kazi ikaanza. Kobe alikaa mbele, nywele zimesukwa upya kwa ajili ya leo. Alikuwa amevaa soksi mbili zinazofanana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mwalimu, nasoma saa ngapi?"

"Leo."

"Bibi yuko mle ndani. Nimemwona akiingia. Mimi niko huku."

"Nimeona."

"Sasa atanisikiaje?"

Mwalimu alivunja chaki bila kukusudia. Alikuwa amekataa kutia sahihi, na akajiona shujaa kwa siku tatu, lakini matokeo yalikuwa yaleyale: mtoto yuko nyuma ya stoo. Badala ya kufichwa wanane, wamefichwa hamsini na sita. Hayo ndiyo mapinduzi aliyoyaleta.

Madirisha ya darasa yalikuwa wazi. Waliwasikia wageni wakikaa, hotuba ikisomwa, viti vikilalamika, na kisha sauti arobaini na kitu zikaanza ukurasa wa kumi na mbili kwa mpigo mmoja, laini kama mashine ya kukoboa. Makofi. Sauti ya Bwana Asilimia: "Darasa la kwanza, mheshimiwa! Asilimia mia!"

Yako makosa ambayo ni mwalimu mkuu tu anaweza kuyafanya. Bwana Asilimia alifikiria kila kitu: madawati, dari, chai. Alimfikiria mgeni usiku na mchana, mpaka akasahau kwamba kwenye viti vya nyuma, kwa mwaliko aliouandika kwa mkono wake mwenyewe, walikuwa wamekaa wazazi wa darasa la kwanza.

"Samahani." Ilikuwa sauti ya bibi wa Kobe. Bibi huyo alifua na kupiga pasi nguo za nusu ya mtaa, na sauti yake ilizoea kushindana na maji ya bomba. "Samahani, wenye shughuli. Na wetu wako wapi?"

"Tafadhali, mama, kipindi kinaendelea."

"Naona kinaendelea. Ila mjukuu wangu, mke mwenzangu, hana meno ya mbele, na humu ndani wote wana meno. Tangu lini darasa la kwanza likawa na meno?"

Minong'ono. Sauti ya mwanamume, nzito, ya dereva wa lori: "Kweli bwana. Huyu hapa dirishani si mtoto wa jirani yangu? We kijana, wewe si uko la pili? Umerudishwa?"

Sauti nyembamba na ya ukweli kabisa ikajibu: "Hapana, baba mdogo. Tumeazimwa."

Kicheko kilipasuka kama kibuyu. Juu yake ikapanda sauti ya bibi, na hiyo haikuwa na kicheko hata chembe.

"Mwalimu mkuu, mashati yako nayafua mimi. Yanapochafukia napajua. Mjukuu wangu umemweka wapi?"

"Mama, tuheshimiane mbele ya mgeni..."

"Nimeacha vikapu vitatu vya nguo za watu kuja kumsikiliza mtoto mmoja. Mgeni na aje naye asikilize, kama miguu anayo."

Viti vilisukumwa. Walizunguka jengo kwa kundi, bibi mbele na kanga kiunoni, dereva wa lori nyuma yake, akina mama, akina baba, wajomba, na mwishoni kabisa mgeni wa ofisi ya elimu, kwa sababu mtu akiachwa peke yake na watoto walioazimwa hawezi kuendelea kuwa mgeni rasmi. Alikuwa mwanamume mnene mwenye viatu vipya vyenye ncha, akitembea kwa uangalifu.

Watoto hamsini na sita walisimama wote. "Shi-ka-moo-ni!" Mapengo hamsini na sita hadharani.

"Mheshimiwa," alihema Bwana Asilimia, "hawa ndio... hawa walikuwa na mafua kidogo."

"Wote?" akauliza mgeni.

Mwalimu Kidirisha alisogea mbele. Alisema polepole, kila neno limepigwa pasi.

"Karibuni. Hili ndilo darasa la kwanza. Kuna wanane humu waliotakiwa kubaki nyumbani leo kwa sababu wanasoma taratibu. Miaka mingi nimewabakiza wa aina yao, kwa sahihi yangu, na mwingine yuko pale getini, mnaweza kumwuliza. Leo watasoma. Huyu ndiye wa kwanza. Mheshimiwa, mwandikie sentensi."

"Mimi?"

"Ukiandika wewe hakuna atakayesema nimemkaririsha."

Mgeni alitoa kalamu. Aliandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, bila hata kufikiri: ELIMU NI UFUNGUO WA MAISHA.

"Hiyo iko ukutani getini," akasema mwalimu. "Wanaijua tangu wangali tumboni. Tafadhali andika kitu ambacho hakijawahi kuandikwa."

Hapo ilionekana jinsi kazi za ofisi zinavyomlemaza mtu. Mgeni alitazama juu, akatazama chini. Miaka ishirini alikuwa ameandika tu vitu vilivyokwisha kuandikwa. Jasho lilimtoka. Mwishowe akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, uso wake ukapata mwanga kidogo, akaandika haraka, akampa mtoto.

Kobe aliilaza karatasi juu ya boksi la chaki, akaweka kidirisha kikubwa juu yake. Midomo ilianza kufanya kazi kabla ya sauti.

"Ki." Akasogeza. "A. Tu."

Bwana Asilimia alitazama saa.

"Cha." Akasogeza, akasita. Tundu lilikuwa limejaa. Akalitazama jitu hilo, nalo likamtazama. "Ngu. Ki. Ba." Akatikisa kichwa mwenyewe, akarudisha kidirisha nyuma. "Ki. Na. Ba."

Mtu alikohoa, na dereva wa lori akamgeukia kwa jicho la barabarani.

"Na."

Alikitoa kidirisha. Aliitazama sentensi ikiwa uchi, nzima, urefu wake wote, na akaisema mara moja bila kusogeza chochote:

"Kiatu changu kinabana."

Kisha akainamisha kichwa kutazama viatu vya mgeni.

"Kipi?" akauliza.

Mgeni alikuwa amekwisha jibu kabla ya kukumbuka cheo chake. "Cha kulia."

Ilichukua dakika tatu na nusu, kwa saa ya Bwana Asilimia. Bibi hakupiga makofi wala vigelegele. Alisimama ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, na akina mama wawili wakamshika mabega. Wengine walicheka na kushangilia, na Kobe, asiyeelewa kichekesho kiko wapi, aliendelea kukikagua kile kiatu cha kulia kwa wasiwasi wa daktari.

"Safi sana!" Bwana Asilimia alipiga makofi mengi, ya haraka. "Tumeona! Mafanikio makubwa! Sasa mheshimiwa, chai iko tayari ofisini."

"Bado saba," akasema Mwalimu Kidirisha.

"Mama, mgeni ana ratiba."

"Bado saba, mwalimu mkuu. Walikuwa wanane kwenye karatasi yako." Akamsogezea mgeni benchi la watoto, lenye kimo cha goti. "Kaa, mheshimiwa. Vua kiatu ukitaka. Andika nyingine."

"Chai itapoa," akasema Bwana Asilimia, kwa sauti iliyokwisha kupoa yenyewe.

"Ipoe."

Mgeni alitazama wazazi. Hakuna aliyempisha njia. Akakaa. Aliandika ya pili, ikatoka vizuri kuliko ya kwanza, kisha ya tatu. Wa tano kidirisha kilimdondoka mara mbili, wakamsubiri. Wa sita alisoma maneno mawili, akaangua kilio, akakataa katakata kuendelea, na mwalimu akasema, "Mawili ni yake, hakuna wa kumnyang'anya," akamkalisha karibu naye. Wa mwisho alimaliza saa sita na nusu, jua limewakaa utosini, hotuba ya kufunga haijasomwa, na wazazi wa hao arobaini na wanane wameanza kuuliza kwa nini wa kwao nao wasipewe karatasi na kijiboksi, waonekane.

Tusidanganyane kwamba mambo yalinyooka. Mgeni aliandika kwenye daftari la shule "Nimefurahishwa," kama anavyoandika kila mahali, akaondoka akichechemea. Katika taarifa ya mwaka, darasa la kwanza liliandikwa asilimia mia. Mwalimu Kidirisha hakuchangamka hata kidogo. Wenzake walimpongeza, naye akawajibu kwa adabu.

Jumatatu alikuta barua mezani, yenye mhuri. Ilimtaka aeleze kwa maandishi, kabla ya saa nane, ni kwa nini wanafunzi wanane waliotajwa walikuwepo shuleni siku ya Ijumaa. Chini yake palikuwa na nafasi ya mistari kumi.

Alitumia mmoja. Aliandika: "Ilikuwa siku ya masomo."